Nilimcheza Wifi Yangu Akachorwa

Mkono wake ulikuwa umepakwa mafuta ya nazi. Tulikuwa tunakwenda harusini, na mwanamke wa kwetu haendi harusini na ngozi kavu kama gogo. Nilimshika kifundo cha mkono, nikakaza vidole hadi nikahisi mfupa, na ule mkono ukateleza ukatoka. Nikaushika tena. Ukatoka tena. Mkono wangu mwingine ulikuwa umekumbatia dumu tupu la mafuta, na maji yalikuwa yanakupwa, yanatuvuta nje ya mlango wa mto kama mtu anayevuta mkeka. Alinitazama. Hakupiga kelele, mdomo ulikuwa umejaa maji ya chumvi na dizeli. Nilipomrukia mara nyingine nilishika khanga tupu.

Hilo ndilo baya kuliko yote niliyoyaona tangu nizaliwe. Nimeanza nalo ili tusidanganyane. Yanayofuata yana kicheko ndani yake, na msomaji akicheka nitafurahi, ila asisahau nimeanzia wapi. Majina ya watu sitaandika, hata langu. Nitasema kazi zao tu, na Nyamisati nzima itajua ni nani.

Boti yetu ilikuwa imepinduka, na aliyezama mbele yangu alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu. Mie maji yalinitupa kwenye mikoko, wakata boriti wakanikuta nimeng'ang'ania mizizi kama kaa, wakanipeleka bandarini Nyamisati, na kutoka pale nikapelekwa hospitali Kibiti. Yeye hakuonekana. Walimtafuta mpaka wakachoka, wakamsalia bila mwili.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu. Mawifi ni watani. Na sisi hatukuwa mawifi tu: mie Mmatumbi, babu zangu walishuka kutoka milimani, yeye Mndengereko wa delta, kwa hiyo utani wetu ulikuwa wa ndoa na wa kabila, umepandiana. Alikuwa akinikuta naosha vyombo ananiuliza, "Wifi, hiyo sufuria unaisugua au unaibembeleza?" Mie nikimkuta amelala mchana napaza sauti hadi barabarani, "Kaka! Njoo uzike, mkeo kafa!" Akiamka anaamka na mwiko.

Mtani wako akifa, kazi ni yako. Wengine wanalia, wewe unavaa nguo za marehemu. Unatembea kama yeye, unagomba kama yeye, unakaa mlangoni unazuia jeneza lisitoke mpaka mfiwa akugomboe kwa kuku au kwa sukari. Watu wanalia huku wanacheka, kamasi na meno kwa pamoja. Kwetu tunasema umemcheza marehemu. Usipomcheza, ni kama hujamwambia kwaheri.

Mie wifi yangu sikumcheza. Jeneza halikuwepo, na mwenyewe nilikuwa kitandani hospitali nakohoa dizeli. Nilipotoka, nguo zake zilikuwa zimeshagawiwa. Nikapewa khanga moja ya kijani. Watu wakasema pole, ndiyo imeshapita. Kwangu haikupita. Ilikaa kooni kama mwiba wa perege, humezi, hutemi.

Kaka yangu akaacha kumtaja. Akisema jambo la zamani anasema "wakati ule." Wakati ule tulikuwa na mbuzi. Wakati ule nyumba ilikuwa ya makuti. Mtu mzima akageuzwa kuwa wakati.

Alikuwa ameacha mtoto wa kike, mdogo, ambaye siku ile hakwenda harusini kwa sababu ya homa. Nilimlea mie na baba yake hapa Mtunda, kwa ufuta na korosho. Akakua mrefu, mwenye kuuliza. Alichora kwa mkaa kwenye kila ukuta mpaka kaka akapaka nyumba chokaa kwa ajili ya kumfutia tu. Mie niliishia darasa la nne, sijui chuo kinafundisha nini, lakini alipochaguliwa kwenda kusomea uchoraji Dar es Salaam nilipiga vigelegele mpaka jirani akadhani tumepata mchumba.

Mwaka wake wa mwisho akarudi nyumbani na mizigo ya ajabu. Brashi za kila unene. Vichupa na vitubu vya rangi kama dawa za meno. Kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye fremu, ambacho yeye alikiita turubai, na mie turubai ninalolijua ni la kuanikia ufuta. Kaka akamtengenezea stendi ya kuegeshea kwa fito za mikoko, tukaiweka uwani, kivulini mwa banda la jiko.

"Shangazi," akaniambia, "mwalimu katutaka kila mtu achague kitu kimoja akichore mwaka mzima. Mie nimechagua kifo."

"Kifo cha nani?"

"Kifo chenyewe."

"Kina sura?"

"Ndiyo ninayoitafuta."

"Kwa hiyo kaka yangu kauza mbuzi ukasomee kutafuta kifo. Kaa barazani hapo mwanangu, kitakuja chenyewe."

Alicheka. Anacheka vizuri yule mtoto, anacheka na mabega. Akanieleza kuwa zile ni rangi za mafuta, si za maji, na kwamba zinachukua muda mrefu kukauka, hasa kwetu huku wakati wa mvua. Wenzake walikuwa wanazilalamikia. Yeye alizipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ukikosea leo, kesho unakwangua, rangi bado inakusikiliza.

"Basi ni rangi ya mvivu," nikasema.

"Ya mtu asiyejua, shangazi. Mtu asiyejua anataka muda."

Akaanza na kuku. Alimchora kuku aliyechinjwa, shingo imelegea ukingoni mwa meza. Jirani yetu, bibi mmoja ambaye haombwi maoni na hajawahi kuyanyima, akasimama mbele ya picha ile mikono kiunoni. "Kazuri. Lakini hiki si kifo, mjukuu wangu. Hiki ni mchuzi." Akachora makaburi ya zamani kule nyuma ya msikiti, yale yenye vipande vya sahani vilivyopachikwa. Jirani akasema, "Vyombo hivyo utaviosha lini?" Akachora perege aliyeoza, inzi mmoja juu ya jicho. Yule inzi alikuwa hai kiasi kwamba nilimpiga kwa kitambaa, nikamharibia picha, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Kuna chupa moja aliyoipenda kuliko zote, mafuta ya kitani, ya kuchanganyia rangi. Asubuhi moja tukaikuta imepungua nusu. Tukaulizana. Kaka akatokea chumbani anatembea wima kama askari.

"Yale mafuta mazuri," akasema. "Goti limelainika."

"Baba! Yale ni ya rangi!"

"Basi na mie nimepakwa rangi. Tatizo liko wapi?"

Siku kadhaa alinukia kama mlango mpya. Watu walikuwa wakipita wanauliza fundi gani katufanyia kazi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi na kifo pale uwani, tukikitania, na mie nikaona ni mchezo wa watoto wa chuo. Mpaka siku moja nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, binti akaja akachuchumaa karibu yangu, hana brashi.

"Shangazi, mama alikuwaje?"

Nikasema alikuwa maji ya kunde, si mrefu si mfupi, nywele nzito.

"Hayo ni maelezo ya polisi."

Nikakuna nazi kwa nguvu. Ni kweli.

"Kuku, makaburi, samaki, yote hayo nazunguka tu," akasema. "Watu wakisema kifo wanafikiria mwili. Mie mwili sikuuona. Kwangu kifo ni kwamba siikumbuki pua ya mama yangu. Nikifumba macho naona khanga, naona mkono unanipa uji. Juu ya shingo hakuna kitu. Nisipoipata hiyo sura sasa, wewe na baba mkiondoka, basi tena. Atakuwa hakuwahi kuwepo."

Picha hatukuwa nayo. Ile ya harusi mchwa waliila kuanzia pembeni. Kabaki kaka peke yake na suti ya kuazima, kasimama kando ya gauni lisilo na mtu. Kitambulisho cha wifi kilizama naye. Ndugu zake wa delta nao mafuriko yaliwasomba vitu. Kwa hiyo binti akawa anachora kwa kuniuliza. Anachora kwa mkaa kwanza, ananionyesha. Ya kwanza ilikuwa mie. Ya pili ilikuwa yeye mwenyewe. Nyingine ilikuwa mwanamke mzuri sana ambaye hakuna aliyemjua. Kila nikisema "hapana" naona anapungua. Ilifika mahali nikataka kumdanganya niseme ndiye, ili tupumzike.

Jirani ndiye aliyetuokoa. Alikuja kuomba moto, akasikia tunabishana kuhusu nyusi, akasema kwa hasira kabisa:

"Na huyu wifi mtu kakaa tu! Unamweleza nini mtoto? Mcheze!"

"Bibi, miaka yote hii?"

"Kwani umemcheza lini? Deni la utani halijalipwa hapa. Vaa!"

Nikaingia ndani nikatoa ile khanga ya kijani. Nilikuwa sijaivaa hata siku moja. Nikajifunga kama alivyojifunga yeye, fundo ubavuni, chini kidogo, kama mtu aliyejifunga akiwa anakimbia. Mwanzoni niliona haya. Mwanamke wa umri wangu, magoti yanalia, nasimama uwani sijui nianzie wapi. Nikaona kuku kaingia jikoni. Basi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"We kuku! Kwenu hakuna mtama? Kila saa kwa watu, kila saa kwa watu! Nikija kwenu mie mtanipa nini?"

Jirani akapiga kelele. "Ndiye! Wallahi ndiye!"

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kunizuia. Nikatembea kama yeye, kichwa kimeinama upande kama anasikiliza ugomvi wa nyumba ya pili. Nikapepeta mchele kama yeye, anapepeta mara mbili anaonja mbichi. Nikamgombeza kaka ambaye hayupo: umeleta muhogo gani huu, muhogo au kuni? Nikajigombeza mwenyewe pia, kwa sauti yake: "Wifi yangu mvivu yule, akifa ataomba abebwe hata kwenda peponi." Binti alikuwa kakamata brashi, hachori, kakodoa macho tu.

Kisha nikafika kwenye kicheko. Wifi alikuwa na jino la mbele limemeguka, alilivunja kwa kung'ata korosho yenye ganda kwa ubishi. Akicheka alifunika mdomo kwa nyuma ya mkono. Lakini kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mkono. Kikimshinda, mkono unaanguka mapajani, kiganja kinatazama juu, na jino linaonekana, na hajali tena. Nilicheka hivyo. Nilikuwa naigiza, halafu sikuwa naigiza.

Hapo ndipo kaka alipoingia kutoka shambani na tenga la mabibo kichwani. Aliniona kwa nyuma, ile khanga, lile bega. Tenga likaanguka, mabibo yakasambaa uwanja mzima. Nikageuka. Nilidhani atanipiga, au atatoka aende zake asirudi siku hiyo. Akasimama anapumua.

"Bega," akasema.

"Nini?"

"Bega la kushoto lilikuwa chini zaidi. Kwa sababu ya ndoo. Shusha."

Nikashusha. Akaniangalia kwa muda, akakaa chini pale pale katikati ya mabibo, akacheka. Kaka yangu, aliyekuwa hamtaji mkewe, akacheka machozi yanamtoka, akapiga ardhi kwa kiganja. Akamtaja jina. Akalitaja tena, kama mtu anayejaribu ufunguo uliokaa sana. Binti hakuwahi kulisikia jina la mama yake katika kinywa cha baba yake tangu awe na akili.

Kuanzia siku ile, uwanja wetu ulikuwa kama ngomani. Kila baada ya alasiri nilivaa khanga, binti akachora, na mtaa mzima ukaja kusahihisha. Hajachorwa mtu kwa kelele namna ile. "Kipaji kipana hivyo, kwani uwanja wa mpira?" "Masikio yalisimama, wewe, alikuwa anasikia mpaka yasiyosemwa!" "Shingo ilikuwa na mikunjo, weka mikunjo." "Usiweke mingi, alikuwa bado kijana!" Binti anafuta, anaweka, anakwangua kwa kile kisu chake kidogo. Rangi mbichi, inakubali. Mie nikisahau jambo, nafanya tena, mwili unakumbuka kuliko kichwa.

Binti alipokwenda Kibiti kununua tapentaini, mwenye duka la vifaa, mzee wa Kihindi aliyezaliwa pale pale, akamuuliza anapaka mlango gani. Akamwambia, namchora mama yangu, mke wa fulani wa Mtunda. Yule mzee akaweka kalamu chini. "Yule mama! Aliwahi kushindana na mie bei ya kufuli mpaka nikafunga duka nikaenda kula, narudi, bado yupo, anaendelea pale pale tulipoishia." Halafu akagusa chini ya jicho lake. "Alikuwa na kidoti hapa." Binti akarudi anakimbia. Kidoti! Mie nilikisahau, mumewe alikisahau, mwenye duka alikuwa nacho.

Bado pua. Pua ilitusumbua. Binti alikuwa ameifanya mara nyingi, na kila mara sura inakaribia halafu inakimbia. Jirani akachoka. Akainuka kwenye kigoda, akasema, "Pua haikuwa hapo, ilikuwa hapa!" na kabla mtu hajamdaka, akagusa turubai kwa kidole gumba, akaisukuma ile rangi mbichi pembeni.

Sote tukamgeukia. Yeye mwenyewe akaficha mkono nyuma kama mtoto. Binti akasogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Alama ya kidole ilikuwa pale, mistari yake yote, kwenye ubavu wa pua. Akaweka brashi chini polepole.

"Huyu namjua," akasema.

Akakaa chini, akaweka kichwa mapajani mwangu, juu ya khanga ya mama yake. Hakulia sana. Alisema tu, "Nilikuwa namjua, shangazi. Kumbe nilikuwa namjua." Jirani akadai alipwe kama fundi.

Ingeweza kuishia hapo, na wenye roho nyepesi wangesema alhamdulillahi. Mie roho yangu si nyepesi. Nilitazama ile picha, wifi anacheka, mkono umeanguka mapajani, kakaa kwenye mkeka mzuri wa ukindu, nikasema:

"Hakukaa kwenye mkeka."

"Alikaa wapi?"

"Siku ya mwisho alikaa juu ya kasha."

Kaka akasema, "Dada, acha."

Sikuacha. Yeye ndiye aliyenikataza miaka yote nisimtie mtoto chuki, na nilimheshimu. Lakini mtoto alikuwa anachora kifo, na kifo cha mama yake kina rangi na kina bawaba. Nikamwambia. Kwenye boti ile kulikuwa na kasha la mbao la buluu, limepigiliwa misumari sakafuni, karibu na mashine. Ndani kulikuwa na majaketi ya kuokolea, mapya, bado yako kwenye nailoni. Mwenye boti alilifunga kwa kufuli, kwa sababu abiria, kwa maneno yake, wanayachafua na kuyaiba. Lilifunguliwa mkaguzi akija tu. Asubuhi ile mkaguzi alikuja, kasha likafunguliwa, akayatazama, akatia sahihi, kasha likafungwa. Mwenye boti akashuka na ufunguo mfukoni, akabaki nchi kavu. Nahodha akaondoka na watu wengi kuliko boti, na mikungu ya ndizi juu, na alijua imezidiwa. Wifi yangu alipanda, akaona lile kasha, akatandika khanga, akakaa. "Wifi," akaniambia, "mie leo nimepata kiti cha mkuu wa wilaya." Akacheka hivyo hivyo unavyomwona. Boti ilipolala ubavu, watu walilipigapiga lile kasha kwa ngumi.

Binti alikuwa amekunja mikono. "Shangazi, mie nachora kifo. Sichori kesi."

"Kifo kilikuwa kimekaa chini yake. Utakichora wapi kwingine?"

"Muache mama yake acheke," kaka akasema.

"Atacheka. Nani kasema asicheke? Alikuwa anacheka juu yake!"

Tukagombana, sitaficha. Kaka alitoka. Binti alikaa mbele ya stendi jioni yote bila kugusa kitu. Kesho yake asubuhi nilimkuta anakwangua mkeka. Rangi ilikuwa bado mbichi, ukindu wote ukatoka, nyuma yake kukabaki kweupe. Akaniuliza buluu ya namna gani. Nikamwambia, kama sare za shule zilizofuliwa sana. Akaniuliza kufuli lilikuwa upande gani. Alipomaliza, kaka alikuja akatazama kwa muda mrefu. Hakusema kitu kibaya. Alisema, "Miguu yake ilikuwa haifiki chini akikaa juu ya kitu. Inue kidogo." Binti akaiinua. Sasa miguu inaning'inia, kama ya mtoto wa shule kwenye dawati.

Siku ya kuipeleka picha Dar es Salaam, kaka alikodi gari dogo. Nyumba ilijaa. Tulikuwa tumepika pilau, tumesoma hitima asubuhi, watu wamekula. Kaka na jirani mmoja mwanamume wakaibeba ile picha, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaja nayo mlangoni. Na pale mlangoni wakatukuta mawifi. Nilikuwa nimewaita wote, mie na binamu zangu, tumekaa kizingitini, miguu tumenyoosha, khanga viunoni.

"Haendi mtu!" nikasema.

"Jamani, gari linasubiri," dereva akasema.

"Lisubiri. Huyu katuachia vyombo vichafu. Aoshe kwanza!"

"Kachukua mwiko wangu!"

"Mumewe atubembeleze! Hatujabembelezwa sisi, tumenyimwa haki yetu miaka mingi!"

Kaka akaweka picha chini kwa adabu, akaja akapiga magoti mbele yangu, yale magoti yake ya mafuta ya kitani. Akatoa kuku. Nikasema kuku mdogo huyu, ni wifi yangu au ni kifaranga? Akaongeza sukari. Nikanusa sukari. Nikamwambia atamke, mbele ya watu, kwamba mke wake alikuwa anajua kupika kuliko dada zake. Akatamka. Watu wakalipuka. Binti alikuwa kasimama nyuma ya picha, anacheka na mabega, analia, hajui ashike lipi. Halafu tukasogeza miguu. Wifi yangu akatoka nyumbani kwake kama anavyopaswa kutoka mtu, amechezwa, amegombolewa, na vigelegele mpaka barabarani. Ile furaha sijawahi kuipata hata siku niliyoolewa.

Chuoni picha ikatundikwa. Binti alifaulu. Watu waliipiga picha kwa simu, ikasafiri kama zinavyosafiri siku hizi, ikafika Kibiti, ikafika Nyamisati.

Na juzi kaja mtu kwa bodaboda. Kijana mwenye heshima, kavua kofia, kakataa chai. Akasema katumwa na tajiri wa boti. Tajiri anasema mama kachorwa vizuri, kapendeza. Tajiri anasema yeye ni mtu wa dini, yaliyopita ni mipango ya Mungu. Ila anaomba, binti alifute lile kasha. Linamharibia jina. Yuko tayari kuzungumza.

Nilimjibu kijana aende salama, kwani yeye hana kosa. Jibu la tajiri naliandika hapa.

Wewe mwenye boti. Nahodha wako alikwenda kwa Mungu, tumwachie huko. Mkaguzi kahamishwa, na sahihi yake kahama nayo, naye siku yake nitamwita. Wewe upo. Boti unayo, nyingine, kubwa zaidi, watoto wa watu wanapanda. Hujawahi kukanyaga uwanja wa kaka yangu, si kwa pole, si kwa salamu. Umesubiri rangi ndiyo ikutoe ndani. Kasha halifutwi. Rangi imeshakauka.

Lakini nina swali, na nalitaka jibu lako mwenyewe, hapa uwani kwetu, mchana, mbele ya kaka yangu na mtoto wake. Usimtume kijana. Ile picha haina jina. Haina boti, haina maji, haina Nyamisati. Ina mwanamke anacheka, kakaa juu ya kasha la buluu lenye kufuli. Makasha ya buluu yako mangapi pwani hii? Nani kakwambia lile ni lako?